Kila Aliyeondoka Alituachia Laini

Nyumba ya mama pale Katanika, Kalemie, ina laini za simu nyingi kuliko watu wanaolala ndani yake. Simu mbili za vitufe zinabeba kadi mbili mbili, mpwa wangu ana yake ya kioo, na kadi nyingine zimefungwa kwenye kipande cha kitenge ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hizi za kopo mama huzitoa kwa zamu. Huingiza moja, huiwekea unite kidogo, yaani salio, hupiga simu yake nyingine mpaka iite, kisha huitoa na kuifunga tena. Mgeni akimwona hudhani anauza kadi. Hauzi. Kila kadi ina mwenyewe, na mama anaitunza isife kabla mwenyewe hajarudi.

Sikukulia katika nyumba ya namna hiyo. Nilipokuwa mtoto, wakati wa Zaire, hapakuwa na waya wa simu hata mmoja upande wetu wa Katanika. Waya zilikuwa mjini: bandarini, posta, kwenye kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kwa wakubwa wa serikali, na zaidi ya wote kwa watu wa reli. Kalemie ni mji uliolelewa na reli. Tangu 1915, ulipokuwa ukiitwa Albertville, njia ya kilomita 273 kutoka Kabalo imekuwa ikiishia hapa ziwani, na watu wa stesheni za Nyunzu, Niemba na nyingine ndogo walipashana habari kwa simu za reli. Kwa hiyo mambo ya bara yalitufikia kwanza kwa mkuu wa stesheni. Nani amefariki Nyunzu, nani amejifungua Kabalo, treni gani imelala njiani: akina mama walikwenda kuuliza pale, na walijibiwa.

Sisi tulikuwa na baba mkubwa. Alikuwa karani, kazi yake ilimpa nyumba ya matofali ya kuchoma mjini, na sebuleni mwa nyumba hiyo kulikuwa na simu nyeusi nzito yenye kisahani cha kuzungusha, juu ya meza yake yenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Namba ya simu hiyo ilikuwa namba yetu sote. Baba aliiandika kwenye karatasi zetu za shule. Mama mdogo aliwapa wateja wake wa dagaa. Yaya, kaka yetu mkubwa, alipokwenda kusoma Lubumbashi aliibeba kichwani. Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, katika nyumba isiyokuwa na simu, namba ile iliandikwa kwa chaki, na kila ilipofutika mmoja wetu aliiandika upya.

Yaya akitaka kutupata, alikwenda posta ya Lubumbashi, akangoja kuunganishwa, na mara nyingi aliondoka bila kuunganishwa. Siku ikikubali, simu iliita kwa baba mkubwa na aliyekuwa karibu aliinua: mama mkubwa, mtoto, jirani aliyekuja kuomba chumvi. Aliulizwa yeye ni nani, wa kwa nani, anamtaka nani. Akishajieleza, mtoto alipanda baiskeli mpaka Katanika kutuambia kwamba kesho saa kumi yaya atapiga tena. Kesho yake tulikwenda kwa miguu, tumeoga, tumevaa nguo za Jumapili, na tulifika mapema mno. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi na yenye makelele. Wazee ndio walioongea. Sisi wadogo tulisimama mstari, tukingoja kuitwa tuseme jambo.

Halafu baba mkubwa akaongeza simu ya pili. Alikuwa akiitwa usiku kwa mambo ya kazi, na alichoka kukimbia gizani kutoka chumbani hadi sebuleni. Fundi alikuja na ngazi, akapitisha waya juu ya dari, akafunga simu nyingine kando ya kitanda. Namba ile ile, waya ule ule, kengele mbili. Jamaa walilizungumza jambo hilo muda mrefu, maana hatukuwa tumewahi kusikia nyumba ya watu kama sisi yenye simu mbili.

Tuligundua upesi kwamba aliyeinua chumbani anamsikia aliyeinua sebuleni. Pengine wengine wangechukia. Kwetu ilizaa desturi: hakuna aliyesema kwenye simu ile neno ambalo asingelisema uani mbele ya watu. Siku moja yaya alikuwa akimweleza baba kwamba pesa zimemwishia na hataweza kumaliza mwaka wa masomo. Baba akawa kimya, kisha akasema ataona. Sote tuliokuwa sebuleni tuliona uso wake. Kumbe mama mkubwa alikuwa ameinua ile ya chumbani, na sauti yake ikaingia katikati: "Usiache shule, mwanangu. Kuna vitenge vyangu, nitaviuza." Hakuomba radhi kwa kusikiliza, wala hakuna aliyemtaka aombe. Yaya alimaliza mwaka ule.

Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo, nimenunua simu na kutupa simu, na sijapata tena kusikia mtu wa tatu akiingia kwenye mazungumzo kwa haki ya kuwa wa nyumba ile.

Mwanzo wa miaka ya 1990 mambo yaliharibika nchi nzima. Baada ya uporaji wa 1991 na wa 1993, waya za shaba zilikatwa zikauzwa, mitambo ikakosa vipuri, mafundi wakatafuta riziki kwingine. Karne mpya ilipoanza, nchi yenye watu karibu milioni 50 ilikadiriwa kuwa na laini za waya kama 10,000 tu. Inaniuma ninapokumbuka kwamba Zaire hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuwa na simu za mkononi. Miko Rwayitare na mwenzake Joseph Gatt walianzisha Telecel mwaka 1986, na mawaziri na matajiri wa Kinshasa walitembea na simu zilizogharimu maelfu ya dola huku posta za mikoani zikizimika moja baada ya nyingine. Simu za baba mkubwa zilinyamaza msimu mmoja wa mvua, zote mbili siku moja, kwa kuwa waya ulikuwa mmoja. Hakuna fundi aliyekuja. Mama mkubwa aliendelea kufua kile kitambaa cha kufuma na kukirudisha juu ya simu.

Agosti 1998 waasi wa RCD waliuteka mji. Lubumbashi, alikokuwa yaya, ikabaki upande wa pili wa mstari wa vita. Watoto wa baba mkubwa walivuka ziwa hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Mama mdogo na wanawe walishuka kusini hadi Zambia, wakaishia kambi ya Mwange. Majirani zetu wengine walikuwa Kala. Ghafla jamaa moja iliyokuwa ikikutana kila Jumapili ilikuwa katika nchi tatu.

Katika miaka hiyo tuliishi kwa foni. Vijana wa leo hawaijui. Ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, yenye betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya mwembe, kwa mfanyabiashara au kwa mapadri. Ulilipa, ukaandikisha jina la unayemtaka, Uvira au Moba, na siku ya ahadi mlikutana hewani. Mmoja hubonyeza kitufe akasema, akaachia, ndipo mwingine ajibu. Waliokuwa kwenye foleni walisikia kila kitu, na hata nje ya foleni yeyote mwenye redio kwenye masafa hayo alisikia. Kwa hiyo hatukutaja askari, hatukutaja pesa. Tulitaja mvua, mihogo, na majina ya waliozaliwa. Waliofariki tuliwataja kwa kuzunguka, na bado upande wa pili walielewa, kwa maana foni ilikawia kabla ya kujibu.

Kwa walio ng'ambo kulikuwa na barua za Msalaba Mwekundu: karatasi zisizofungwa, za habari za familia tu, zinazosomwa kabla ya kupelekwa. Juu yake mama mdogo aliandika mahali. Familia ya fulani, Katanika, nyumba ya pili baada ya kisima, mwulize mke wa mwalimu. Barua ilichukua miezi, na ilifika. Nilikuwepo mjumbe alipoingia uani na karatasi mkononi, miguu imejaa vumbi, akimwuliza mama kama yeye ndiye. Wale wajumbe wa kujitolea wa Kalemie hawajapata shukrani wanazostahili, nami nazitoa hapa.

Vita vilipopoa minara ikaja. Laini ya kwanza ya nyumba yetu ilikuwa ya 099, iliyonunuliwa baada ya kuuza mbuzi. Kwa miaka michache ilikuwa ya wote kama ile ya baba mkubwa. Ilikaa juu ya kabati, haikutoka nyumbani, na aliyekuwepo ndiye aliyepokea. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipotikisa ziwa na kubomoa nyumba mjini, tulikimbilia nje na mama akarudi ndani, ingawa tulimzuia, kuichukua simu ile. Rezo, yaani mtandao, iliposhika, iliita mpaka betri ikaisha. Waliopiga hawakuuliza habari za mtu mmoja mmoja. Waliuliza: nyumba ni nzima?

Laini ya pili iliingia kwa sababu ya yaya. Yeye alikuwa na ya 081, na kupiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulikula unite haraka. Tukanunua ya 081 ili tumpate kwa bei nafuu. Dada akapangiwa kufundisha mahali ambapo kampuni ya tatu peke yake ndiyo iliyokuwa na mnara. Tukanunua ya kampuni hiyo. Mama mdogo aliporudi kupitia Mpulungu alikuja na kadi ya Zambia, kwa kuwa binti yake mmoja aliolewa kule. Alipoanza tena biashara ya dagaa na Kigoma akawa na ya Tanzania pia, anayoitumia kule tu, na ndiyo wanayoijua watoto wa baba mkubwa ambao mpaka leo wako Nyarugusu. Hakuna laini iliyoingia nyumbani kwetu kwa sababu tumetajirika. Kila moja iliingia kwa sababu mtu ameondoka, au amerudi na kumwacha mwingine nyuma.

Hilo nilichelewa kuliona kwa kuwa kila nyongeza ilikuwa na faida yake, na faida hizo sizikatai. Mama alimsikia mwanawe wa Lubumbashi siku yoyote aliyotaka. Mjukuu aliyezaliwa Zambia aliimbiwa kupitia simu na bibi ambaye hajamwona. Nani angechagua kurudi kwenye foleni ya foni? Lakini simu zilipokuwa nyingi, kila mtu alianza kumpigia mtu wake. Yaya aliumwa miezi kadhaa kule Lubumbashi, akamwambia mpwa wetu peke yake, mwanaume kwa mwanaume, akimsihi asimwambie mama. Mpwa alitunza ahadi. Mama alipata habari kwa mpita njia aliyetoka huko, wakati yaya alikwisha kukonda kiasi cha kutotambulika. Simu tano zilikuwa ndani ya nyumba usiku ule kijana alipokuwa akinong'ona na mjomba wake uani, na hakuna iliyomwezesha mama kuinua kando ya kitanda na kusema, mwanangu, kuna vitenge vyangu.

Serikali ilipotaka kila laini iandikishwe kwa kitambulisho, nyingi za kwetu ziliandikishwa kwa kadi ya mchaguzi ya mama. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi nchini mwetu, na yeye ndiye hakuwa ameipoteza. Kwa karatasi, basi, mama ndiye mwenye simu ya mwalimu, ya mchuuzi wa dagaa, na ya mdogo wangu wa mwisho.

Huyu mdogo wangu nimtaje sasa. Alikwenda Misisi, upande wa Fizi, kuchimba dhahabu, kama vijana wengi wa Kalemie. Aliacha kadi yake nyumbani kwa kuwa kule alipata nyingine, akasema mama aitunze, maana namba ya zamani ndiyo inayojulikana na rafiki zake wote. Alipiga mara kwa mara, kisha mara moja moja. Kisha namba ya Misisi ikawa haipatikani. Ikabaki ile ya nyumbani tu, ambayo mama alijua mwanawe anaikumbuka kichwani, hata kama simu yake imeibwa, hata kama imeingia maji.

Mwaka 2017 kadi hiyo ilifanya kazi ambayo hatukuitegemea. Mapigano ya Batwa na Waluba yaliyowaka tangu mwaka uliotangulia yaliwamwaga watu kutoka vijiji vya Kalemie na Nyunzu, na Katanika yetu ikajaa vibanda vya nyasi na maturubai mpaka upeo wa macho. Watu walifika na simu zisizo na kadi, na kadi zisizo na simu, na wengi bila chochote. Mama aliiweka laini ya mdogo wangu kwenye simu, akaiacha wazi mchana na usiku, akawapa namba hiyo waliokuja kuomba maji. Wakawapa jamaa zao. Kwa miezi simu ile iliita kwa ajili ya watu tusiowajua, na watoto wa kwetu walikimbia katikati ya maturubai wakiita majina kwa sauti: mke wa fulani kutoka Nyunzu, simu! Mpigaji aliulizwa yeye ni nani, wa kwa nani, anamtaka nani. Mama alikuwa na miaka mingi hajapata kuwa na furaha ya kazi kama ile, na alikuwa akilia pia, kwa kuwa si kila jina lililoitwa liliitika.

Baadaye waliohamishwa walipata kadi zao, wengine walirudi vijijini, na laini ikanyamaza. Ikarudi koponi. Kisha mama aliugua, akapelekwa mbali kutibiwa, na alikaa huko kuliko tulivyodhani. Aliporudi, kitu cha kwanza alichofungua ni kopo. Kadi ya mdogo wangu haikushika. Dukani walimweleza kwa upole kwamba laini isiyotumika kwa muda uliowekwa hufungwa, na namba hupewa mteja mwingine. Namba si mali yako, mama, walimwambia. Alipiga ile namba kutoka simu nyingine. Iliita. Kwa pumzi chache alidhani mengine. Aliyepokea ni mama kijana wa Kolwezi, aliyekuwa amenunua kadi mpya sokoni.

Nimesikia hoja za kampuni, na nazielewa: tarakimu zina mwisho, kadi zinanunuliwa na kutupwa kila siku. Lakini huu ni mkoa ambao watu wake walikimbia 1998, wakakimbia tena 2017, na 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuwatoa wengi kwenye nyumba za pwani. Ukikimbia huna barua, huna picha, mara nyingi huna simu. Unachobaki nacho ni tarakimu kumi kichwani. ARPTC, inayosimamia mawasiliano nchini, ingeweza kuagiza kwamba namba ya mtu wa mkoa uliokimbiwa isigawiwe upesi hivyo, au kwamba aliyeiandikisha apelekewe habari kwenye laini zake nyingine kabla haijachukuliwa. Laini nyingine za mama zilikuwa hai siku zote, zimeandikishwa kwa kadi ile ile ya mchaguzi. Ujumbe mmoja ungetosha. Naliandika hili kwa sababu najua kopo la mama si peke yake Katanika.

Yule wa Kolwezi angeweza kukata simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mama alimweleza jina la mwanawe, sauti yake ilivyo, jinsi anavyoanza kwa kukohoa kidogo kabla ya kusalimia, akamwomba: akipiga mtu wa namna hiyo, mpe namba hii. Mama kijana aliiandika, akairudia ili mama asikie kwamba hakukosea. Tangu siku hiyo wanasalimiana, na mtoto wake wa pili alipozaliwa sisi tulipata habari siku ile ile. Juzi amemwambia mama kwamba wenzake wote kazini wamehamia kampuni nyingine yenye bei nafuu. Yeye amenunua laini ya pili kwa mambo yake, na hii ya mdogo wangu anaiacha wazi.